Sahili, Ambatano au Changamano? Ulinganisho wa Vishazi na Aina za Sentensi za Kiingereza

Chukua taarifa mbili: ripoti ilikuwa na makosa, na kamati iliikataa. Kiingereza humpa mwandishi njia kadhaa za kuziweka pamoja. Anaweza kuandika "The report contained errors. The committee rejected it." Anaweza pia kuandika "The report contained errors, so the committee rejected it", au "The committee rejected the report because it contained errors", au "The committee rejected the report, which contained errors". Hakuna hata moja kati ya hizi yenye kosa la sarufi, lakini hazisemi jambo lile lile. Ya kwanza inamwachia msomaji aunganishe mwenyewe. Ya pili inaipa sababu na tokeo lake uzito ulio sawa. Ya tatu inatanguliza uamuzi wa kamati na kuifanya sababu iufuate kama maelezo yake. Ya nne inayataja makosa pembeni tu, wala haidai waziwazi kwamba ndiyo yaliyofanya ripoti ikataliwe.

Mwanafunzi aliyezoezwa kuzitambua aina hizi kwa majina hupata alama zake darasani, kisha hukwama anapoandika insha au barua ya kazi, kwa sababu hapo haulizwi sentensi hii inaitwaje, bali anatakiwa achague. Vitabu vingi hupanga sentensi kana kwamba ni ngazi, sahili ikiwa chini na changamano ikiwa juu, na msomaji akaamini kwamba kukomaa katika lugha ni kupanda ngazi hiyo. Sikubaliani na mpangilio huo. Kinachoamua umbo la sentensi ni uhusiano uliopo kati ya taarifa zake: kama ziko sawa, kama moja inaitegemea nyingine, au kama moja ni nyongeza ambayo ingeweza kuachwa. Ulinganisho ufuatao umejengwa juu ya kigezo hicho, na mara nyingi utairudia ripoti yetu yenye makosa ili tofauti zionekane kwenye maneno yale yale.

Kirai na kishazi

Kirai ni fungu la maneno lisilo na kiima na kitenzi kilichobeba wakati, kama "in the morning" au "the committee of seven members". Kishazi huwa na vyote viwili. Kishazi huru hujitosheleza, kwa mfano "the report contained errors". Kishazi tegemezi kina kiima na kitenzi vilevile, ila kimetanguliwa na neno linalokifanya kiegemee kingine: "because the report contained errors". Neno moja tu limeongezwa, na sentensi kamili imegeuka kuwa nusu ya sentensi. Anayeandika "Because the report contained errors" na kuweka nukta ameacha msomaji akisubiri. Katika mazungumzo jibu la namna hiyo hukubalika kwa kuwa swali limekwisha kubeba kishazi huru. Katika maandishi rasmi lina kasoro.

Mzungumzaji wa Kiswahili anahitaji tahadhari moja hapa. Kitenzi chetu hubeba kiima ndani yake, hivyo "wameikataa" ni sentensi nzima. Kiingereza hakina nafasi hiyo katika taarifa. Kiima lazima kisimame peke yake, hata pale ambapo hakirejelei kitu chochote, kama katika "It is raining" au "There were errors in the report". Ndiyo maana "Is raining" na "In the report were containing errors" husikika vibaya masikioni mwa mwenye lugha. Amri ndiyo inayoruhusiwa kuacha kiima: "Read the report."

Sentensi sahili na sentensi ambatano

Sentensi sahili ina kishazi huru kimoja, na urefu hauhusiki. "The members of the committee, after three long meetings in the old hall, finally rejected the report" bado ni sahili, kwa sababu kitenzi kilichobeba wakati ni kimoja na kiima chake ni kimoja. Kinyume chake, "I came, and he left" ina maneno matano tu na ni ambatano. Anayepima kwa jicho atakosea kila mara. Hesabu vitenzi vilivyobeba wakati, kisha tafuta kiima cha kila kimoja.

Kuna hali ya katikati ambayo huwachanganya wengi. "The committee read the report and rejected it" ina vitenzi viwili lakini kiima kimoja, na sarufi ya shuleni huiita sahili yenye kiarifu kilichounganishwa. "The committee read the report, and the minister rejected it" ina viima viwili, kwa hiyo ni ambatano. Manufaa ya kujua tofauti hii yapo kwenye uakifishaji: kwa desturi, mkato huwekwa kabla ya kiunganishi katika mfano wa pili, na hauwekwi katika ule wa kwanza. Vishazi viwili vikiwa vifupi sana, waandishi wengi wa Uingereza huuacha mkato hata katika ambatano, na hakuna anayelalamika.

Viunganishi vinavyounda ambatano ni saba: "for", "and", "nor", "but", "or", "yet" na "so". Si vyote vyenye matumizi sawa leo. "For" yenye maana ya sababu imebaki katika maandishi ya kifasihi na husikika kuwa ya kizamani katika barua ya kazi. "Yet" ni nzito kuliko "but" na hufaa pale ukinzani unaposhangaza. "Nor" ina masharti yake, maana hulazimisha kitenzi kisaidizi kitangulie kiima: "The committee did not read the report, nor did it ask for a summary." Kinachotumiwa kupita kiasi ni "and". Kiunganishi hiki huunganisha chochote na chochote, na hapo ndipo hatari yake ilipo. "The report contained errors and the committee rejected it" haisemi kama makosa ndiyo sababu, na mwandishi anayejua kwamba ndiyo sababu amemnyima msomaji alichokuwa nacho mkononi. Tumia "and" pale ambapo taarifa zako kweli zimewekwa bega kwa bega na hakuna uhusiano mwingine unaostahili kutajwa.

Kwa hiyo, lini uchague sahili badala ya ambatano? Chagua sahili kwa jambo ambalo hutaki lichanganywe na lingine: uamuzi, onyo, tarehe ya mwisho, hatua moja ya maelekezo. "The committee rejected the report." Nukta inayofuata hapo ina nguvu ambayo kiunganishi chochote kingeipunguza. Chagua ambatano pale ambapo msomaji anapaswa kuzipima taarifa mbili kwa pamoja bila kuambiwa ipi ni kubwa.

Kosa linaloandama ambatano ni kuunganisha vishazi huru viwili kwa mkato peke yake: "The report contained errors, the committee rejected it." Dawa zake ni nne na hazifanani. Nukta huzitenganisha taarifa kabisa. Nuktamkato huziacha ziwe huru lakini husema kwamba ni za jambo moja: "The report contained errors; the committee rejected it." Kiunganishi hutaja uhusiano na kuacha uzito ulio sawa. Kiunganishi tegemezi, kama "because", hutaja uhusiano na kuushusha uzito wa upande mmoja. Binafsi naiona nuktamkato kuwa chaguo zuri pale tu uhusiano unapojionyesha wenyewe. Kama msomaji atalazimika kuukisia, afadhali utajwe.

Maneno kama "however" na "therefore" hayamo katika vile viunganishi saba, ingawa maana zake zinakaribiana na za "but" na "so". Hayo ni vielezi. "The report contained errors, however the committee approved it" ina kosa lile lile la mkato, na namna sahihi ni "The report contained errors; however, the committee approved it". Kipimo chepesi ni kujaribu kulihamisha neno. "However" inaweza kuhamia katikati au mwisho wa kishazi chake, kama katika "the committee, however, approved it". "But" haihami.

Sheria hii ya mkato ina pengo moja linalotambuliwa na wengi. Maneno ya Julius Caesar, yanapotafsiriwa kwa Kiingereza, huandikwa "I came, I saw, I conquered", vishazi vitatu huru vilivyotenganishwa kwa mikato tu. Vinakubalika kwa kuwa ni vifupi, vina kiima kimoja na vimejengwa kwa umbo moja. Asiyekuwa na sharti hizo tatu asijitetee kwa Caesar.

Ambatano na changamano

Hapa ndipo uchaguzi unapobadilisha maana zaidi, nami nitakaa hapa kwa muda. Sentensi changamano ina kishazi huru kimoja na angalau kishazi tegemezi kimoja. Linganisha hizi mbili: "The report contained errors, but the committee approved it" na "Although the report contained errors, the committee approved it". Zina ukweli ule ule. Katika ya kwanza, makosa ni tuhuma kamili inayosimama kwa miguu yake, na msomaji anaweza kubaki akijiuliza kwa nini kamati iliikubali ripoti. Katika ya pili, makosa yamekwisha kukiriwa na kupunguzwa ukubwa kabla kishazi huru hakijafika. Msisitizo upo kwenye kukubaliwa. Mwanachama wa kamati angechagua ya pili. Mpinzani wake angegeuza: "Although the committee approved it, the report contained errors." Kanuni iliyo chini ya mifano hii ni kwamba kilicho ndani ya kishazi tegemezi huchukuliwa kama jambo lililokwisha kujulikana au kukubaliwa, na kilicho ndani ya kishazi huru ndicho mwandishi anachokidai. Anayeweka hoja yake kuu ndani ya kishazi tegemezi ameizika.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana mtego wake katika jozi hii. Tunasema bila shida "ingawa ripoti ilikuwa na makosa, lakini kamati iliikubali", na tabia hiyo huhamia katika "Although the report contained errors, but the committee approved it". Kiingereza hakitaki vyote viwili. Ukichagua "although" umechagua changamano. Ukichagua "but" umechagua ambatano. Kuviweka pamoja ni kukiacha kishazi huru bila mahali pa kusimama. "Because" na "so" vina mgogoro huo huo, na dawa ni hiyo hiyo.

Baada ya kuchagua changamano bado kuna uamuzi wa mpangilio. Kishazi tegemezi kikitangulia, mkato hufuata: "Because it contained errors, the committee rejected the report." Kikifuata, mkato kwa kawaida hauhitajiki: "The committee rejected the report because it contained errors." Sentensi ya Kiingereza huelekea kuweka jambo jipya mwishoni, hivyo swali ni lipi kati ya mambo haya msomaji hajalijua. Kama aya iliyotangulia imekwisha kuyaeleza makosa, anza nayo na umalizie kwa uamuzi. Kama kila mtu anajua kwamba ripoti ilikataliwa na kinachotafutwa ni sababu, sababu ikae mwisho. Katika maelekezo, sharti hutangulia karibu kila mara, kwa sababu anayesoma huku akitenda anahitaji kujua sharti kabla hajatenda. "If the light turns red, stop the machine" ni salama kuliko "Stop the machine if the light turns red", ambamo msomaji mwepesi wa mikono atakuwa amekwisha kuizima.

"Because" inayofuata ukanushi inastahili uangalifu wa pekee. "The committee did not reject the report because it contained errors" ina maana mbili zinazopingana. Huenda kamati haikuikataa, na makosa ndiyo yaliyofanya isiikatae, jambo la ajabu lakini linawezekana kisarufi. Huenda pia iliikataa, ila kwa sababu nyingine isiyokuwa makosa. Sauti ya msemaji hutofautisha maana hizi. Karatasi haina sauti. Kwa maana ya pili andika "It was not because of its errors that the committee rejected the report", au igawe katika sentensi mbili. Katika mkataba au taarifa ya nidhamu nisingekubali kuiacha sentensi kama ile hata kama muktadha unaonekana kuifafanua.

"Since" na "as" hubeba wakati na sababu kwa pamoja, na "while" hubeba wakati na ukinzani. "Since the committee rejected the report, no one has spoken" inaweza kuwa "tangu" au "kwa kuwa". Iwapo unamaanisha sababu, "because" haina utata. Wapo wanaoiona "because" kuwa neno la kitoto na kukimbilia "as" ili sentensi ionekane ya heshima. Wanachopata ni heshima ya juu juu na ukungu katika maana.

Vishazi vya wakati na vya sharti vinaweka mpaka mwingine. Kwa jambo la wakati ujao, Kiingereza hutumia wakati uliopo ndani ya kishazi tegemezi, na "will" hukaa kwenye kishazi huru tu: "When the committee meets, it will discuss the report." "When the committee will meet" ni kosa. Vivyo hivyo kwa sharti la kufikirika. Kiswahili huweka "-nge-" pande zote mbili, "ripoti ingekuwa na makosa, kamati ingeikataa", na mwanafunzi hutafsiri kwa "would" mbili. Kiingereza sanifu huweka "would" upande wa kishazi huru pekee: "If the report contained errors, the committee would reject it." Ulinganishe na "If the report contains errors, the committee will reject it". Hii ya mwisho inaliacha jambo wazi, huenda makosa yapo. Ile ya kwanza inaonyesha kwamba msemaji hadhani yapo. Kwa yaliyopita, huwa "If the report had contained errors, the committee would have rejected it", na hapo msomaji anaelewa kwamba makosa hayakuwapo.

Kishazi rejeshi: kinachobainisha na kinachoongeza

Mkato mmoja unaweza kubadilisha idadi ya vitu vinavyozungumziwa. "The committee rejected the reports that contained errors" inasema kwamba ripoti zilikuwa nyingi, na zilizokataliwa ni zile zenye makosa tu. "The committee rejected the reports, which contained errors" inasema kwamba zote zilikataliwa na zote zilikuwa na makosa. Kishazi cha kwanza hubainisha ni zipi. Cha pili huongeza habari juu ya kitu kilichokwisha kutambuliwa. Kipimo ni kukiondoa. Kama msomaji atauliza "zipi?", kilikuwa kikibainisha, na mkato haufai.

Kuhusu kuchagua kati ya "that" na "which", mabishano ni makubwa kuliko jambo lenyewe. Mwaka 1926 mwanakamusi Mwingereza Henry Fowler alipendekeza kwamba "that" itumike kwa kubainisha na "which" kwa kuongeza, huku akikiri kwamba waandishi wengi, na hata walio bora, hawafuati mgawanyo huo. Wahariri wengi wa Marekani waliuchukua kama sheria. Nchini Uingereza "which" ya kubainisha ni ya kawaida hadi leo. Ushauri wangu ni kuufuata mgawanyo huo unapoandikia wahariri wa Kimarekani, na kwingineko kuutazama mkato zaidi ya neno. Lisilobishaniwa ni kwamba "that" haifai baada ya mkato wa nyongeza: "the reports, that contained errors" haikubaliki popote.

Kirejeshi kinapokuwa yambwa, Kiingereza hukuruhusu kukiacha: "the report the committee rejected" ni sawa na "the report that the committee rejected". Fupi hufaa mazungumzo na ndefu hufaa maandishi rasmi, hasa kiima kinapokuwa mbali na kitenzi. Kirejeshi kikiwa kiima hakiachwi. Kosa la kutazama ni kurudia yambwa, kama katika "the report that the committee rejected it". Kwetu "ripoti ambayo kamati iliikataa" ina kiwakilishi ndani ya kitenzi na ni sahihi; kwa Kiingereza "that" imekwisha kuibeba yambwa, na "it" haina kazi.

Kishazi nomino na swali lililofunikwa

Kishazi tegemezi huweza pia kukaa mahali pa nomino, kama katika "The minister knows that the report contained errors". Uchaguzi wenye maana hapa ni kati ya swali la wazi na swali lililofunikwa. "What did the committee reject?" hutanguliza kitenzi kisaidizi. "I do not know what the committee rejected" hurudi kwenye mpangilio wa taarifa, hupoteza "did", na huishia kwa nukta badala ya alama ya kuuliza. "I do not know what did the committee reject" ni miongoni mwa makosa yanayodumu hata kwa watu walioandika Kiingereza kwa miaka mingi. Hotuba ya John Kennedy ya tarehe 20 Januari 1961 ina mfano mzuri: "ask not what your country can do for you—ask what you can do for your country". Ni amri mbili, kila moja ikiwa na swali lililofunikwa ndani yake, na katika maswali yote mawili kiima kimetangulia "can". Yangekuwa ya wazi, yangeandikwa "What can your country do for you?"

Kwa maswali ya ndiyo au hapana, "whether" na "if" hushindana. "If" huweza kudhaniwa kuwa sharti: "Tell me if the report is ready" inaweza kumaanisha uniambie ikiwa tayari tu, au uniambie hali yake vyovyote iwavyo. "Whether" huondoa shaka, na ndiyo pekee inayokubalika baada ya kihusishi na kabla ya "to".

Taarifa, swali, amri na mshangao

Mgawanyo huu wa aina nne hauhusiani na ule wa sahili na changamano. Amri inaweza kuwa changamano na swali likawa sahili. Kinachochaguliwa hapa ni namna ya kumkabili msomaji. Ombi moja linaweza kuvaa maumbo matatu: "Send the report", "Could you send the report?" na "I would be grateful if you could send the report". La kwanza ni amri kwa umbo, na linafaa kabisa katika maelekezo ya kazi, ambako upole mwingi humchelewesha msomaji. La pili ni swali kwa umbo na ombi kwa kazi yake. Hakuna anayetarajia lijibiwe "ndiyo" kisha anayejibu akae kimya. La tatu ni taarifa kwa umbo, na humwachia msomaji nafasi kubwa ya kukataa, kwa hiyo linamfaa mtu usiye na mamlaka juu yake. "Please" huilainisha amri lakini haiifanyi isiwe amri.

Mshangao hauhitaji maelezo marefu. "What a careless report it was!" hutofautiana na swali kwa mpangilio: kiima hutangulia kitenzi. Katika maandishi rasmi hauna nafasi.

Kishazi kisichobeba wakati

Kuna umbo jingine linalojificha kati ya kirai na kishazi. "Containing many errors, the report was rejected" inaanza na kitenzi kisicho na wakati wala kiima. Sarufi za shuleni hukiita kirai. Randolph Quirk na wenzake watatu, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, walikihesabu kuwa kishazi, na Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum wakafanya hivyo pia mwaka 2002. Athari yake ni kwamba "She wants to leave" ni sahili kwa mwalimu wa darasani na ni changamano kwa Quirk. Anayefanya mtihani afuate hesabu ya silabasi yake. Anayeandika hapotezi chochote kwa tofauti hiyo ya majina.

Anachoweza kupoteza ni maana. Umbo hili ni fupi na lina mwendo mzuri, lakini kiima chake hukopwa kutoka kwenye kishazi huru. "Containing many errors, the committee rejected the report" inasema kwamba kamati ndiyo iliyokuwa na makosa. Zaidi ya hayo, umbo hili halitaji uhusiano. Linaweza kuwa sababu, wakati, sharti au ukinzani, na msomaji hukisia. Gharama ya kukisia inaonekana katika Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791: "A well regulated Militia, being necessary to the security of a free State, the right of the people to keep and bear Arms, shall not be infringed." Sehemu inayojengwa juu ya "being" haina kitenzi chenye wakati, wala haina kiunganishi kinachoonyesha inaifungaje sehemu inayofuata. Je, haki ipo kwa ajili ya wanamgambo tu, au wanamgambo ni sababu moja iliyotajwa bila kuwekea haki hiyo mpaka? Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba sehemu ya mwanzo hutaja lengo lakini haiwekei mpaka sehemu ya pili, na kwamba haki ni ya mtu binafsi. Waliopinga waliisoma sehemu hiyo ya mwanzo kuwa ndiyo inayoonyesha upeo wa haki yenyewe. Hoja za kihistoria zilikuwa nyingi kwa pande zote mbili, lakini mlango wa kubishana ulifunguliwa na umbo la sentensi.

Kwa hiyo, katika masimulizi na maelezo ya mandhari, kishazi kisichobeba wakati ni chombo kizuri, hasa kwa matendo yanayokwenda pamoja: "Holding the report in one hand, the chairman stood up." Katika mkataba, kanuni au hoja, chagua kishazi kamili chenye "because", "although" au "if".

Vikichanganywa vyote

Sentensi ambatano changamano ina vishazi huru viwili au zaidi pamoja na kimoja tegemezi au zaidi: "Although the report contained errors, the committee approved it, and the minister signed it the next day." Hufaa pale ambapo jambo lina sharti au kikwazo kimoja na matokeo mawili yaliyo sawa. Haifai kwa kurundika. Ukiona sentensi yako ina vishazi tegemezi vitatu, tafuta kile ambacho uhusiano wake msomaji angeutambua hata bila kiunganishi, kitoe, na ukipe nukta yake mwenyewe. Mara nyingi kitakuwa cha wakati, kwa kuwa mfuatano wa matukio huonekana kwa mpangilio wa sentensi tu. Vya sababu, sharti na ukinzani vibaki ndani, maana hivyo bila "because", "if" na "although" msomaji hana njia ya kuvijua.